Historia ya Wanda Faye Pruitt, Aliyeishi kwa Jina la Mdogo Wake

Wapendwa waombolezaji, mliotoka Los Angeles na mlio wa hapa hapa Oildale, familia inawasalimu, na kabla ya kuanza inawaomba jambo moja, kwamba mtakaposikia jina ambalo wengi wenu hamkulijua, msidhani mmekosea msiba, maana mwanamke aliyelala mbele yetu, ambaye magazeti ya wiki hii yamemwita Ardith Pruitt, alikuwa Wanda Faye Pruitt, na Ardith Pruitt mwenyewe yupo, amekaa kiti cha mbele, mzima, amevaa koti la bluu, naye ndiye aliyetupa ruhusa ya kusema yote haya.

Wanda alizaliwa tarehe 9 Machi 1936, ndani ya hema, katika kambi ya vibarua wa mashamba nje kidogo ya mji wa Bakersfield, jimbo la California, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Hollis Pruitt na bibi Estella, waliokuwa wameikimbia Oklahoma baada ya vumbi kumeza shamba lao, wakafuata kazi ya kuchuma pamba na kufungasha viazi. Mdogo wake, Ardith, alizaliwa tarehe 22 Agosti 1940, familia ikiwa imeshahamia nyumba ya mbao hapa Oildale, na kwa kuwa wazazi walitoka alfajiri na kurudi wamechoka, Wanda ndiye aliyemlea, aliyemsuka nywele, aliyempeleka shule, na kila jioni alisimama mlangoni akaita, Ardith, Ardith Pruitt, chakula, mpaka majirani wakasema hakuna jina lililoitwa sana mtaani kuliko hilo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1942, akamaliza sekondari hapa Bakersfield mwezi Juni 1954, na miaka ile ya mwanzo haikuwa mizuri kwake, kwa sababu watoto wa mjini hawakutaka kukaa dawati moja na mtoto wa Oklahoma, neno ambalo siku hizo lilikuwa tusi, na hata kwenye jumba la sinema watu wa kwao walielekezwa kukaa juu, roshani, ambako Wanda aliiona filamu yake ya kwanza akiwa ameegemea chuma. Aliporudi nyumbani alipanda juu ya kreti ya viazi, akamwigiza yule mwanamke wa kwenye filamu akifiwa na mumewe, na Ardith, akiwa na miaka sita tu, alikaa chini anakula ukingo wa mkate wa mahindi, ule mgumu wa pembeni alioupenda, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sema tena, sijakuamini."

Wanda akasema tena.

"Bado, dada. Unalia kama mtu aliyebanwa kidole na mlango."

Hakushuka kwenye kreti mpaka mdogo wake aliposema, "Basi, nimekuamini," na miaka mingi baadaye, alipoulizwa na watu wa redio ni mwongozaji gani wa filamu aliyekuwa mkali kuliko wote, alijibu kwamba aliyekuwa mkali kuliko wote hakuwa amefikia hata kushika kitasa cha mlango.

Mwezi Septemba 1955 alipanda basi kwenda Los Angeles, akapata kazi ya kuhudumu katika mgahawa ulio karibu na studio, na siku za mapumziko alikodiwa kupita nyuma ya waigizaji wakubwa, mara akiwa mchuuzi wa maua, mara abiria, mara maiti, hadi tarehe 14 Mei 1958, alipoambiwa asubuhi kwamba mchana huo atapewa maneno ya kusema, akiwa nesi katika filamu ya wapiga bunduki na ng'ombe, na maneno yenyewe yalikuwa, Daktari, amezinduka. Mtu wa kupita nyuma hakuhitaji chochote, lakini mtu wa kusema hata neno moja mbele ya kamera alitakiwa kwanza aandikishwe katika chama cha waigizaji, na chama hicho kina sheria ambayo ninyi mliofanya kazi naye mnaijua vizuri, kwamba hakuna wanachama wawili wenye jina moja.

Karani alimwambia bila kuinua kichwa, "Wanda Pruitt tunaye. Yuko Chicago, anaimba. Chagua lingine."

"Lakini mimi ndiye Wanda Pruitt."

"Na yeye pia, na yeye alitangulia. Dada, nyuma yako kuna watu, na wewe umesema unatakiwa kwenye kamera saa nane. Sema jina."

Wanda alisimulia kwamba kichwa chake kilikuwa kitupu kama sufuria iliyooshwa, hakukumbuka jina hata la mchezaji mmoja wa filamu, hata la mwalimu wake, na jina pekee lililomjia mdomoni lilikuwa lile alilolipaza mlangoni kila jioni ya utoto wao, akalisema, karani akaliandika, akagonga muhuri. Jioni ile alipiga simu nyumbani kwa jirani, wakamwita Ardith, aliyekuwa na miaka kumi na saba, na Wanda akamwambia, "Usikasirike. Nimeliazima tu, picha ikiisha nitalirudisha." Ardith alicheka, akasema angalau kitu chake kimoja kimefika Hollywood, akauliza kama lile jina limelipwa.

Picha iliisha, lakini kabla haijafika mwezi mwongozaji mwingine akatuma mtu amtafute yule Ardith Pruitt, nesi mwenye sauti nzito, na baada yake mwingine, na jina likawa limeshaota miguu, linatangulia mlangoni kabla ya mwenye kulivaa. Kati ya mwaka 1958 na 1967 Wanda alionekana katika filamu nyingi, karibu zote akiwa mwanamke mbaya, mnyang'anyi wa waume, mlevi, shahidi wa uongo, kwa sababu waongozaji walisema ana uso ambao mtu anauamini huku anajua hapaswi. Tarehe 4 Februari 1961, mjini Los Angeles, alifunga ndoa na bwana Leon Fishbein, fundi wa taa katika studio, mtu mpole aliyejua kuuwekea mwanga uso wake kuliko yeyote, na tarehe 30 Julai 1964 wakabarikiwa mtoto mmoja, Noreen, ambaye yuko nasi leo pamoja na watoto na wajukuu zake. Ndoa hiyo ilivunjika kwa amani mwaka 1974, na bwana Leon alitangulia mbele ya haki mwaka 1998.

Hatuwezi kusema habari za ndoa ya Wanda tukanyamazia ndoa ambayo haikuwapo. Ardith, ambaye muda wote huo alikuwa hapa Oildale akiwatunza wazazi na kupika katika jiko la shule, alichumbiwa mwaka 1962 na kijana wa visima vya mafuta, Delbert Hoskins, na kadi za harusi zilikuwa zimeshachapwa na kutumwa kwa ndugu zake Texas, wiki ile ile ambayo filamu ya Wanda anayemtongoza mchungaji ilianza kuonyeshwa nchi nzima. Kadi zilisema Delbert anamwoa Ardith Pruitt, na mabango barabarani yalimwonyesha Ardith Pruitt amevua kiatu kimoja mbele ya mchungaji, na wenzake Delbert kazini wakaona sikukuu imewafikia, wakawa wanamuuliza kama naye ataokoka usiku wa kwanza, na kama atahitaji msaidizi. Mzaha si kitu, watu wa visima wanatania hata msibani. Kilichomuumiza Ardith ni kwamba siku alipompelekea mchumba wake chakula, alimkuta anacheka kuliko wote, anawaambia, "Ndiyo huyu, jamani, Ardith Pruitt, subirini atavua kiatu." Aliweka sufuria chini, akavua pete badala ya kiatu, akaiweka juu ya mfuniko, akaondoka, na hakuchumbiwa tena.

Hakumwambia dada yake sababu. Alisema tu mambo hayakwenda.

Tarehe 2 Septemba 1968 Wanda aliingia katika tamthilia ya televisheni iliyorushwa kila mchana wa siku za kazi, akiwa Bi Vivian, mke wa daktari, ambaye aliiba mtoto hospitali, akamtilia mume sumu kidogo kidogo, akasababisha mama mkwe kuanguka ngazi, na kwa miaka kumi na mitatu wanawake wa nchi hii walikuwa wakipiga pasi huku wakimchukia. Ninyi mliofanya kazi naye mmetueleza kwamba hakuwahi kuchelewa, kwamba alisimama juu ya utepe wake wa sakafuni, ule unaomwonyesha mwigizaji pa kusimama, bila kuutazama, na kwamba aliwafundisha vijana kutoa chozi jicho moja tu, lile la upande wa kamera, ili rangi ya shavu la pili isiharibike. Sisi tunaongeza ambalo hamkulijua. Katika kitabu cha simu cha Los Angeles Wanda hakuwemo, kwa kuwa waigizaji huficha namba zao, lakini katika kitabu cha simu cha Bakersfield Ardith Pruitt alikuwemo, na Bi Vivian alipofanya uovu saa saba mchana, saa tisa simu ya Oildale ilikuwa inalia. Walimpigia kumtukana, walimpigia kumwombea, mama mmoja wa Nebraska alimpigia kila Ijumaa kumsihi amrudishe yule mtoto. Shuleni watoto walipanga mstari na sahani zao wakamuuliza, "Bibi Ardith, leo umetia sumu kwenye maharage?" naye aliwajibu, "Yako tu, kula taratibu." Alijua kujibu. Lakini bibi Estella alisema kwamba mwanawe alipofika nyumbani alining'iniza koti, akatoa simu ukutani.

Tarehe 8 Mei 1977 Wanda alipata tuzo kubwa ya televisheni kwa kazi ile ya Bi Vivian, na Ardith na mama yao walikaa kuangalia. Alipanda jukwaani na gauni la kijani, akashika sanamu ya tuzo kwa mikono miwili, akasema, "Mimi ni Ardith Pruitt wa Oildale, binti wa mfungasha viazi, na sikutegemea kufika hapa." Watu wakasimama wakapiga makofi.

Ardith akauliza, "Mama, huyo ni nani?"

"Ni dada yako, mwanangu."

"Hapana. Amesema ni mimi." Akainuka akaizima televisheni.

Wanda aliona kosa lake, au aliona nusu yake, kwa sababu wiki iliyofuata aliifunga ile tuzo katika sanduku, akaituma kwa mdogo wake na maneno machache, kwamba jina lililochongwa pale ni lake, basi na tuzo ni yake. Ardith aliitumia kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo, ikakaa hapo kwa miaka mingi, na waliokwenda kunywa kahawa kwake waliijua kama jiwe la mlango. Usiku wa siku sanduku lilipofika Ardith alipiga simu, akasema bila salamu, "Sitaki sanamu. Nirudishie jina langu."

"Siwezi, mdogo wangu. Limeshakuwa la watu."

"Lilikuwa la mtu."

Baada ya hapo hawakusemezana tena. Mzee Hollis alishafariki mwaka 1971, na bibi Estella alipofuata, tarehe 19 Novemba 1988, dada hao wawili walisimama pande mbili za kaburi, na mchungaji mgeni, asiyejua, akamshukuru Ardith Pruitt kwa kuacha shughuli zake kubwa na kuja kutoka mbali, na macho yote yakamgeukia Wanda, wakati aliyemwogesha mama na kumlisha kwa miaka kumi na saba amesimama upande wa pili na koleo mkononi. Wanda alifungua mdomo kumrekebisha, wote waliokuwapo walimwona, kisha akaufunga. Alimwambia Noreen njiani kwamba alishindwa kwa sababu hakujua aanze na neno gani.

Aliendelea na kazi, akacheza bibi wa watu wengi, na tarehe 22 Februari 2004 chama cha waigizaji kilimpa heshima ya maisha yake yote ya kazi. Jukwaani usiku ule alisema, "Nashukuru, kwa niaba ya mwenye jina," akashuka. Ukumbi ulicheka, ukidhani ni utani wa mzee.

Mwaka 2012, akiwa kazini, maneno yalianza kumpotea, alisimama vizuri kabisa juu ya utepe wake na hakujua tena afanye nini, na madaktari wakathibitisha kwamba ni ugonjwa wa kusahau. Noreen alimtunza nyumbani Burbank hadi Machi 2016, alipohamia katika nyumba ya kutunzia waigizaji wazee, na huko ndiko lilikotokea jambo lililoturudisha wote hapa. Wahudumu walimwita kwa jina walilolijua, wakisema, "Bi Ardith, chakula tayari," naye aligeuka akatazama nyuma yake, akawajibu, "Ardith hajarudi kutoka shule. Mwekeeni chake." Kila mchana alikata ukingo wa mkate wa mahindi, akaufunga kwenye kitambaa cha mezani, akauweka mfukoni, na jioni wahudumu waliukung'uta mfuko uliojaa makombo, yeye akalia kwamba mtoto atakula nini.

Mwezi Oktoba 2018 Noreen aliendesha gari mpaka Oildale, akamkuta mama yake mdogo anafagia ngazi.

"Mama mdogo, anakuulizia."

"Mwambie Ardith Pruitt nimekufa," alisema Ardith, akiendelea kufagia.

"Hajui tena kama yeye ndiye Ardith Pruitt. Anajiita Wanda. Na mfukoni anamwekea Ardith mkate."

Ufagio ukasimama. "Mkate gani?"

"Wa mahindi. Ule wa pembeni."

Ardith aliuegemeza ufagio mlangoni, akaingia ndani kuchukua koti.

Alipofika chumbani, tarehe 11 Oktoba, Wanda alimtazama kama anavyotazamwa mgeni, akamkaribisha kiti, akamuuliza yeye ni nani. Akajibu, "Mimi ni Ardith." Wanda akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Hapana, mama. Ardith ni mtoto," na Noreen anasema hajawahi kuona uso ukianguka kama ulivyoanguka uso wa mama yake mdogo, aliyesafiri mpaka pale ili anyimwe jina lake mara nyingine tena. Alishika mkoba ainuke. Wanda akamshika mkono, akainama kwake kama anayemwambia siri, akasema, "Lakini kama unapita Oildale utamwona. Mwambie nililiazima tu. Picha ikiisha nitalirudisha."

Ardith alikaa tena. Akasema, "Sema tena."

Wanda akasema tena, polepole, nililiazima tu, na machozi yakamtoka macho yote mawili, yakaharibu poda aliyopakwa asubuhi na wahudumu, na Ardith akayatazama mpaka yakafika kidevuni, kisha akasema, "Basi, nimekuamini. Nitamwambia." Wanda akatoa kitambaa mfukoni, akampa ule mkate ampelekee, na Ardith akaula pale pale mbele yake, wote, mpaka chembe za kitambaani.

Alirudi kila Alhamisi, na hakuna hata Alhamisi moja aliyotambuliwa. Hatutaki kuwadanganya kwamba walipatana kama watu wanavyopatana, kwa sababu mmoja wao hakujua kwamba mwenzake yupo.

Mwishoni mwa Januari 2019 Wanda alipata homa ya mapafu, akalazwa hospitali, na Jumapili ya tarehe 3 Februari, asubuhi, akiwa na miaka themanini na miwili, alitutoka, Noreen akiwa upande mmoja wa kitanda na Ardith upande mwingine. Kufika jioni habari ilikuwa imeenea kwamba Ardith Pruitt amefariki, na aliporudi nyumbani Jumatatu, Ardith alimkuta jirani yake Imelda Ochoa mlangoni na bakuli la nyama ya kuoka na kiazi, analia.

"Bi Ardith, mbona wamesema umekufa?"

"Nimesikia. Ingia, kisipoe."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, wahudumu wa nyumba ya wazee, ambao tangu mwezi Oktoba walijifunza kumwita Wanda, waigizaji, waongozaji na mafundi mliosafiri asubuhi hii, wapishi wenzake Ardith wa jiko la shule, mchungaji wetu, na majirani wote wa Oildale kwa vyakula ambavyo hatujamaliza. Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini jiwe la kaburi limechongwa Wanda Faye Pruitt, wakati wapenzi wake watakuja kutoka mbali kumtafuta Ardith Pruitt na hawatampata. Tulimuuliza mwenye jina. Alisema nafasi iliyo kando ya dada yake ni yake, na siku yake ikifika jiwe lake litasema Ardith Pruitt kama ilivyo haki, na wageni watakuja na maua ya Bi Vivian watayaweka juu ya mpishi wa shule, na yeye hatakuwa na la kufanya, ila atakuwa karibu, atampasia dada yake hayo maua.

Ile tuzo ameiondoa mlangoni jana, akaisugua, mtaiona hapo juu ya jeneza. Jina lililochongwa ni la mwanamke aliye kiti cha mbele, kazi iliyoipata ni ya aliyelala hapa.

Picha imeisha, Wanda, na ulichoazima kimepokelewa. Pumzika kwa amani, kwa jina lako mwenyewe.